Bosi na Wasifu Wake: Miezi Mitatu ya Kutafuta Nyumba Nikiwa na Mbwa na Paka

Simu zangu zilikuwa zikikwama mahali palepale. Nasalimu, naulizia fleti, naambiwa bado ipo. Naulizwa tuko wangapi, nasema niko peke yangu, na sauti ya upande wa pili inalainika. Kisha natamka neno "mbwa". Kimya kidogo, halafu: "Sawa, nitakupigia." Katika miezi mitatu ya kutafuta, hakuna hata mmoja wa waliosema hivyo aliyenipigia.

Nina mbwa mmoja na paka mmoja. Mbwa anaitwa Bosi, chotara wa kilo 28, miaka saba, masikio yamelala kama ya mtu aliyechoshwa na kikao. Paka ni Kipusa, jike wa miaka minne, ambaye kwa maoni yake Bosi ni godoro. Nyumba tuliyokuwa tukiishi iliuzwa, na mmiliki mpya alitaka kuingia mwenyewe. Nikapewa siku 60. Nilizihesabu nikaziona nyingi. Nilikuwa na kazi ya kudumu, kodi sijawahi kuchelewesha, sipigi muziki usiku. Nilijua mpangaji kama mimi hugombewa.

Ushauri wa kwanza niliopewa, tena na watu wazima wenye akili zao timamu, ulikuwa huu: usiseme. Ingia kwanza, wanyama watafuata, wakishazoeleka nani atakufukuza? Nikaufuata. Naanza na kosa hili kwa sababu ndilo lililonigharimu kuliko mengine yote.

Fleti ilikuwa ghorofa ya tatu, safi, karibu na kazini. Mkataba ulikuwa na kifungu kisemacho hakuna mnyama bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Nilikisoma, nikakielewa, nikatia sahihi. Kipusa aliingia mchana ndani ya begi. Bosi aliingia usiku, kwa ngazi, mimi mbele nikichungulia kila kona kama mwizi anayerudisha alichoiba.

Tuliishi hivyo siku 19. Nilikuwa namtoa Bosi saa kumi alfajiri na tena usiku wa manane, ili tusikutane na mtu. Siku fundi bomba alipokuja kutazama uvujaji jikoni niliomba ruhusa kazini, nikawapeleka wote wawili kwa rafiki yangu, nikafagia manyoya, nikaficha bakuli, nikafungua madirisha, na bado nikawa natetemeka alipoinama chini ya sinki. Kikombe cha chakula cha paka kilikuwa pale pale. Fundi akakitazama, akanitazama, akaendelea na koki yake. Mungu ambariki.

Kilichotuumbua ni Bosi kubweka. Huyu ni mbwa ambaye katika nyumba ya zamani majirani walikuwa wakisahau kwamba yupo. Lakini mbwa husikia sauti za juu mno, hadi mawimbi yapatayo hertzi 45,000, wakati sikio la binadamu linakomea karibu 20,000. Jengo lililoonekana tulivu kwangu lilikuwa soko kwake: lifti, mabomba, funguo za watu wa ghorofa ya tano. Na kwa kuwa nilikuwa namficha, sikumpa nafasi ya kulizoea. Hakuwahi kusimama koridoni mchana akaona kwamba mlango unaogongwa ni wa jirani, si wetu. Kila mlio kwake ulikuwa uvamizi.

Mwenye nyumba alikuja jioni, bila hasira. Alimtazama Bosi muda mrefu. Akasema, "Mbwa ningeweza kumfikiria. Wewe sasa siwezi." Nikapewa wiki moja, na sehemu ya amana yangu ikabaki kwake. Sikuwa na pa kulalamikia, kwa sababu sahihi ilikuwa yangu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi niliongeza yangu: pia hulipia gari la mizigo mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Tukahamia kwa yule rafiki yangu, kwenye chumba chake cha wageni. Safari hii nikaanza utafutaji upya, na kitu cha kwanza nilichobadilisha kilikuwa swali. Zamani nilikuwa nabembeleza: ni mpole, hasumbui, nakuomba. Nikaanza kuuliza: "Umewahi kuwa na mpangaji mwenye mnyama? Ilikuwaje?"

Watu walifunguka. Mmoja alinieleza habari za sakafu ya mbao ambayo paka wa mpangaji aliikojolea kona moja kwa miezi, mkojo ukapenya hadi chini ya mbao, na hata baada ya kupaka vanishi upya harufu ilikuwa ikirudi kila mvua inaponyesha. Mwingine alipoteza wapangaji wawili wazuri kwa ajili ya mbwa mmoja aliyekuwa akilia kutwa nzima. Wa tatu alisimulia viroboto. Mpangaji aliondoka na mbwa wake, nyumba ikakaa tupu, na familia iliyofuata ikang'atwa wiki ya kwanza. Hilo lina maelezo yake: kiroboto akiwa ndani ya kifukofuko chake anaweza kukaa miezi akisubiri, na huibuka anapohisi joto na mtikisiko wa nyayo. Nyumba tupu kwake ni chumba cha kungojea. Wa nne hofu yake ilikuwa bima: kampuni iliyolikatia jengo lake bima ilikuwa na orodha ya aina za mbwa isizozikubali, na Bosi, kwa kuwa ni chotara, hakuna aliyeweza kusema kwa hakika yumo au hayumo.

Nilichogundua ni kwamba nyuma ya karibu kila "hapana" kulikuwa na mnyama fulani, aliyeishi kweli, mwenye mwenyewe aliyeondoka bila kulipa. Wenye nyumba hawakuwa wakimkataa Bosi, hawamjui. Walikuwa wakimkataa yule paka wa sakafu ya mbao. Basi kumsifu Bosi kulikuwa kujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo ulipozaliwa wasifu. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini: mbwa na barua ya kuombea kazi! Ila yeye mwenyewe amewahi kufanya kazi ya kusimamia nyumba za kupanga, na alipomaliza kucheka alichukua kalamu. Nakala yangu ya kwanza ilikuwa na maneno "mpole", "mwenye upendo" na "kama mwanangu". Akayafuta yote. "Kila mwenye mbwa huandika hivi," alisema, "hata yule ambaye mbwa wake amekula mlango."

Kilichobaki kilikuwa ukurasa mmoja. Picha ya kila mnyama, umri, uzito. Tarehe za chanjo, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, na nakala ya kadi. Maelezo kwamba wote wawili wamefungwa uzazi, jambo ambalo kwa mwenye nyumba lina maana kubwa kuliko nilivyodhani, maana paka dume asiyehasiwa hurusha mkojo ukutani kuweka mipaka yake, na jike akishikwa na joto la kutaka dume hulia usiku kucha. Dawa ya viroboto na tarehe ilipotiwa mara ya mwisho. Namba ya chipu yenye tarakimu 15. Chipu yenyewe ni kama punje ya mchele, hukaa chini ya ngozi ya shingo, na inamwambia mwenye nyumba kwamba mnyama huyu ana mtu anayewajibika naye. Nani huwatunza ninaposafiri. Saa ngapi Bosi huachwa peke yake, na nani humpitia katikati. Chini kabisa, namba ya mwenye nyumba wangu wa zamani na ya jirani aliyekuwa akiishi chini yetu, wote wawili kwa ridhaa yao.

Kama ningelazimika kubakisha kitu kimoja tu kwenye ukurasa ule, ningebakisha yule jirani wa chini. Mwenye nyumba wa zamani anaweza kukusifia ili uondoke. Mtu aliyesikia kucha za mbwa wako juu ya dari yake miaka mitatu hana sababu ya kukutetea.

Kuhusu kelele nilifanya jambo ambalo ningelifanya miaka mingi nyuma kama ningekuwa na ujasiri: niliacha simu ikirekodi sauti, nikatoka. Nilijua nitakachosikia, yaani kimya. Nikasikia Bosi akilia kwa dakika 11, analia hasa, kisha kishindo cha mtu anayejitupa chini, kisha kukoroma. Mbwa wenye hofu ya kuachwa mara nyingi huanza ndani ya nusu saa ya kwanza, wakati mwenyewe yuko tayari kwenye basi akiamini yote ni shwari. Dakika hizo 11 niliziweka wazi kwenye mazungumzo na kila mwenye nyumba, na nikaanza kuzifanyia kazi. Natoka dakika mbili narudi. Natoka tano narudi. Navaa viatu, nashika funguo, nakaa tena kwenye kiti, mpaka funguo zikapoteza maana yao kwake. Ilichukua wiki tano kushuka hadi dakika moja.

Sasa madalali. Sina ugomvi nao, nyumba ninayoishi nililetewa na mmoja wao, lakini lugha yao inataka mkalimani. Dalali akikuambia "mwenye nyumba hana shida na wanyama", muulize mnyama gani. Mimi nilipanda ghorofa nne nikiwa na matumaini, nikaonyeshwa sebule nzuri, na mwenye nyumba akaniambia kwa fahari kwamba mpangaji aliyetoka alikuwa na samaki. Samaki! Tena kwenye tangi dogo.

Mara nyingine mwenye nyumba alikubali kwa moyo mmoja, tukapeana mikono, kumbe jengo lina kamati na kamati ina kanuni: mnyama asizidi kilo 10. Ridhaa ya mwenye fleti haivuki kanuni za jengo. Tangu siku hiyo naomba nyaraka mbili kabla ya kuvaa viatu, mkataba na kanuni za jengo, na ninazisoma zote. Hiki kipimo cha kilo, tukiwa hapohapo, kinanikera. Mbwa aina ya greyhound hufika kilo 30 na zaidi, hukimbia kama mshale, na akirudi ndani hulala karibu siku nzima. Teria, mbwa mdogo wa kilo sita, anaweza kukutangazia kila mtu anayekanyaga ngazi. Lakini kanuni ni kanuni, na sikuwa na nguvu ya kubishana na kamati kwa mifano ya mbwa wasiokuwepo.

Wapo waliouliza kwa nini sikutafuta msaada wa sheria. Inategemea unaishi wapi, na tofauti ni kubwa kuliko unavyodhani. Ufaransa, tangu sheria ya tarehe 9 Julai 1970, kifungu cha mkataba wa makazi kinachomkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani hakina nguvu, ilimradi mnyama haharibu jengo wala hasumbui wengine, na mbwa walioorodheshwa kuwa wa kushambulia wanaweza kukatazwa. Ujerumani, mahakama kuu ya shirikisho iliamua mwaka 2013 kwamba marufuku ya jumla ya mbwa na paka kwenye mikataba iliyochapwa tayari haifai. Kila kisa kipimwe chenyewe. Jimbo la Ontario nchini Kanada nalo halitambui kifungu cha "hakuna wanyama" kwenye mkataba wa kupanga. Marekani mbwa anayemsaidia mtu mwenye ulemavu hahesabiwi kuwa mnyama wa kufuga, na hatozwi ada ya wanyama. Hilo la mwisho limezaa biashara ya vyeti vya mtandaoni ambavyo mtu hununua ili mbwa wake wa kawaida aitwe msaidizi, na wanaoumia ni wale wanaomhitaji mbwa kweli. Kwangu sheria haikuwa na la kunisaidia. Zaidi ya hayo, hata pale inapomlinda mpangaji, mwenye nyumba mwenye maombi kumi mezani hana haja ya kutaja sababu ya kuchagua la tisa. Soma sheria ya kwenu, lakini andika wasifu.

Jambo lingine nililojifunza kwa kuchelewa ni kukagua nyumba kwa macho yasiyo yangu. Mimi nilikuwa natazama jiko na maji. Bosi angetazama ngazi. Ana miaka saba, na mbwa wa ukubwa wake huanza kuumwa viungo uzeeni, kwa hiyo ghorofa ya nne bila lifti ni mkataba ambao mimi ningeutia sahihi na yeye angeulipa. Vigae vinavyong'aa vilivyonipendeza, kwake ni barafu. Nyonga zinateleza pande mbili. Na swali kubwa kuliko yote: saa nane usiku tumbo likichafuka, ardhi iliyo karibu iko wapi? Nilianza kuhesabu dakika kutoka mlangoni hadi kwenye majani. Zaidi ya nne, naaga.

Kipusa yeye ni madirisha. Kuna utafiti unaojulikana sana kwa madaktari wa wanyama, uliochapishwa mwaka 1987, wa paka 132 walioanguka kutoka majengo marefu ya New York. Wapatao asilimia 90 walipona. Watu huusimulia kama sifa ya paka na roho zake nyingi. Mimi nausoma vingine: hao ni waliofikishwa hospitali, waliokufa papo hapo hakuna aliyewapeleka, na hata waliopona wengi walivunjika mifupa au kuumia kifua. Paka huanguka kwa sababu anamwona ndege na kusahau kuwa yuko angani. Kwa hiyo nilikuwa nabeba futi ya kupimia, na nilimuuliza kila mwenye nyumba kama naweza kufunga wavu kwenye fremu bila kutoboa ukuta. Wawili walisema wamefurahi kuulizwa.

Na kuna pua. Niliazima tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile ambayo mkojo mkavu hung'aa ikimulikwa. Unazima taa, unamulika kona, chini ya mapazia, nyuma ya milango. Nilikuwa naona aibu kidogo, ila nilikuwa na sababu. Paka akinusa kwamba paka mwingine alipita, anaweza kukojoa juu yake ili kuandika jina lake, na ukisafisha kwa dawa yenye amonia unamrudishia harufu inayofanana na mkojo wenyewe. Kinachotakiwa ni dawa yenye vimeng'enya, inayovunjavunja kilichobaki, na iachwe muda ifanye kazi. Kupangusa haraka ni kupoteza dawa.

Tochi hiyo ndiyo iliyonipa nyumba.

Dalali alinitumia picha za fleti ya ghorofa ya kwanza, mwenye nyumba ni mama mtu mzima anayeishi jengo hilohilo juu. Nikamtumia ujumbe wa kujitambulisha, na mwishoni nikaandika kwamba nitahamia na Bosi na Kipusa, maelezo yao nimeambatisha. Akanipigia ndani ya dakika tano.

"Mwanangu, huyu Bosi ni mumeo?"

"Hapana mama, ni mbwa."

"Na Kipusa?"

"Ni paka."

Kimya. Nikasubiri ile "nitakupigia".

"Kwa nini paka ana jina zuri kuliko langu?" akasema, na nikajua angalau tutaonana.

Nilienda saa moja jioni, kwa makusudi. Nyumba zote ni tulivu saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Nilikaa kwanza kwenye ngazi nusu saa nzima, nikasikiliza: mlango wa chini unaogonga ukifungwa, watoto wawili, redio ya mtu. Hakuna lifti, ila ngazi ni 14 tu. Kuna mbwa mwingine nyumba ya jirani, nyuma ya ukuta. Majani yapo dakika mbili. Ndani, nikaomba ruhusa ya kuzima taa. Mama akashangaa lakini akakubali. Nyuma ya mlango wa chumba cha pili, madoa yakang'aa, manne, marefu, ya kurushwa.

Hakuwa na habari. Alikuwa amepaka rangi mara mbili na bado akihisi "kitu" kila nyumba ikifungwa. Aliketi kwenye dirisha akanisimulia yule mpangaji aliyekuwa ameapa hana mnyama yeyote. Nikamweleza habari za vimeng'enya. Nikasema pia tupige picha madoa sasa hivi, zenye tarehe, moja yake na moja yangu, ili kesho na keshokutwa yasije yakawa ya Kipusa. Nadhani hapo ndipo aliponiamini, ingawa alichosema ni, "Huyo mbwa nitamwona lini?"

Tulikutana nje, barabarani, si ndani ya fleti. Mbwa akiingia kwenye nyumba mpya tupu hunusa kila kona na kuzungukazunguka, na mtu asiyewajua mbwa huona vurugu. Nje anaonekana alivyo. Nilikuwa nimemtembeza saa moja na nusu kabla. Alimnusa mama kiatu, akapiga chafya, akalala. "Amechoka," mama akasema. "Umemchosha wewe." Nikakiri. Akacheka, akasema amelea watoto watano, hila hiyo anaijua.

Mkataba tuliuandika kwa jioni mbili. Aliomba amana ya ziada, nusu ya kodi ya mwezi, nikakubali, ila nikaomba liandikwe neno "inarudishwa". Kuna amana na kuna ada. Amana hurudi kama hakuna uharibifu. Ada umeitoa na imekwenda, na kwenye baadhi ya mikataba yote mawili huandikwa kwenye mstari mmoja ili usitofautishe. Pengine pia sheria huweka kikomo cha amana, kwa hiyo inafaa kuuliza. Tuliwaandika wanyama kwa majina na picha. Yeye alitaka hivyo ili nisije nikaleta wengine watatu, nami nilitaka hivyo ili asije akasema idhini ilikuwa ya paka tu. Miezi mitatu ya kwanza ikawa ya majaribio.

Nilikataa kifungu kimoja. Kilisema kukitokea malalamiko yoyote mnyama aondolewe. Yoyote ya nani? Nilimuuliza: mtu akiniotea ndoto mbaya? Tukakibadilisha: malalamiko yawe ya maandishi, nipewe siku 14 za kurekebisha, kisha ndipo yazungumzwe mengine. Nilikuwa tayari kuikosa nyumba kwa kifungu hicho, kwa sababu nilishaonja kuhamishwa kwa wiki moja.

Kabla ya kuhamia niligonga milango ya jengo, peke yangu, bila Bosi. Sikuwa naomba ruhusa. Nilikuwa nawapa namba yangu ya simu ili wakisikia kelele waniambie mimi kwanza. Mzee wa mlango wa mkabala alinieleza kwa upole kwamba kwa imani yake mate ya mbwa yakimgusa hulazimika kujitakasa kabla ya sala, na kwamba yeye hupita ngazini kwa nyakati zinazojulikana. Hakuna aliyewahi kunipa ratiba bora kuliko hiyo. Bosi hupita ngazini kwa kamba fupi, upande wa ukuta, na tukimsikia mzee anakuja tunarudi ndani tunangoja. Mtoto wa ghorofa ya juu anaogopa mbwa, kwake tulikubaliana kwamba nitaita "Tunashuka!" kabla ya kufungua mlango. Sasa anaitikia kutoka juu, "Shukeni!", kwa sauti ya askari.

Siku ya kuhama Kipusa aliingizwa chumba kimoja, mlango ukafungwa, pamoja na blanketi ambalo kwa makusudi sikulifua ili lije na harufu ya nyumbani. Alikaa chini ya kitanda siku tatu, akitoka usiku kula. Bosi nilimletea zulia la zamani kwa ajili ya vigae, nikaketi naye koridoni jioni tatu mfululizo, mlango wazi, watu wakipita, yeye akijifunza kwamba funguo za watu wengine ni za watu wengine. Rekodi ya wiki ya pili: sekunde 40 za kunung'unika, kisha kukoroma.

Mwezi wa tatu ulipoisha mama alishuka kukagua. Alipitia kila chumba, akasimama nyuma ya ule mlango wa chumba cha pili, akainama, akavuta pumzi ndefu, akainuka bila kusema kitu. Kipusa alikuwa juu ya kabati akimtazama kama afisa uhamiaji.

Mlango wa bafuni una mkwaruzo, upande wa chini, upana wa kiganja. Ni wa Bosi, usiku wa radi. Siku ileile nilikuwa nimeupiga picha na kumtumia, nikiandika kwamba nitampeleka fundi au akate kwenye amana, lolote analoona. Alikuwa amejibu kwa neno moja: "Nimeona." Siku ya ukaguzi aliuinamia, akaupima kwa kidole, akauliza Bosi yuko wapi radi ikipiga siku hizi. Nikamwonyesha: ndani ya bafu, juu ya taulo langu zuri.